Mwalimu Apolinari Akaa Mbele

Mchezo wa *Mkwe Kihengeni* ulitungwa na Mwalimu Apolinari mwaka wa tisini, kwa wino wa bluu, kwenye daftari la jalada gumu ambalo analo mpaka leo. Umechezwa Chamwino na vijiji vyake mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka. Wamecheka mapadri, wamecheka madiwani, amecheka hata bwana mmoja wa halmashauri ambaye watu waliamini hana meno. Mtu mmoja tu hakuwahi kuuona, naye ni Mwalimu Apolinari mwenyewe.

Sababu ni kwamba miaka yote hiyo alisimama nyuma ya pazia, upande wa kushoto, daftari mkononi, akiwanong'oneza waigizaji maneno pale walipoyasahau. Na waigizaji wa Chamwino, tuseme ukweli, ni watu wa kusahau. Mmoja ametoka kupalilia, mwingine ana mgonjwa nyumbani, mwingine amekuja mazoezini mara mbili tu tangu Pasaka. Mwalimu aliwabeba wote kwa mnong'ono. Kutoka pale aliposimama aliona visogo vyao tu, na vicheko vya watu vilimfikia kupitia kitambaa kama mvua inayonyesha kijiji cha pili.

Noeli aliyajua hayo kuliko wote, kwa sababu mnong'ono huo ndio uliomwokoa. Leo Noeli ni mtunza masijala katika wizara moja kule Mtumba, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, mwenye tai na funguo nyingi, na ndiye kiongozi wa kikundi cha michezo cha parokia. Lakini mwaka ule wa tisini alikuwa mwanafunzi wa darasa la nne mwenye kigugumizi kibaya, kiasi kwamba walimu wengine walishaacha kumuuliza maswali. Mwalimu Apolinari alimpa nafasi ya baba mkwe, mzee mwenye sentensi nne. Kila ulimi ulipokwama, silabi ya kwanza ilikuja kutoka nyuma ya pazia, taratibu, bila hasira, mara moja, mara tatu, mara saba ikibidi, hadi neno likatoka. Noeli hakupona siku hiyo wala mwaka huo. Alipona polepole, silabi kwa silabi, na mpaka leo hajui mtu anashukuruje kitu cha namna hiyo.

Mwaka juzi kiharusi kilimshika Mwalimu miguu. Akahamia Msalato kwa binti yake Antonia, karibu na uwanja mpya wa ndege. Kikundi kikaona kimpe heshima: wakamleta ukumbini Chamwino, wakamkalisha kiti cha mbele kabisa autazame mchezo wake kama bwana. Haikuwezekana. Penina, ambaye ndiye huigiza mama mkwe, alisita kidogo tu kuvuta pumzi, na Mwalimu akamtupia neno lake kwa sauti kutoka pale mbele. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama yeye. Haikupita dakika kumi akaomba mwenyewe arudishwe nyuma ya pazia, na kiti chake cha magurudumu kikapitishwa katikati ya watu kama jeneza.

Krismasi iliyofuata Noeli alikwenda Msalato kumpa shikamoo yake ya kila mwaka. Walikunywa chai, wakazungumza habari za mvua, kisha Mwalimu akasema jambo ambalo bila shaka alikuwa amelilaza moyoni siku nyingi.

"Noeli, mimi nitakufa nimeona visogo tu. Watu hai siwezi kukaa nikawatazama, nitakuwa nawaza nani anapotea. Lakini filamu haisahau maneno. Mngeufanya kuwa filamu, hapo ningekaa mbele." Kisha akaongeza, "Mradi msipunguze neno."

Noeli aliahidi. Aliahidi haraka, jinsi watu wanavyoahidi mbele ya mzee anayetetemeka akishika kikombe, na hakujua ameahidi nini.

Mtu wa kamera alimpata kazini. Alikuwa dada mmoja wa Chemba aitwaye Munira, aliyesomea mambo ya filamu chuoni hapo Dodoma na kuishia kupiga picha za harusi na za makongamano. Siku hiyo alikuwa amekuja wizarani kurekodi semina ya siku tatu kuhusu utunzaji wa mafaili, na kwa sura yake ilionekana angekubali kufanya jambo lolote lingine duniani. Noeli alipomweleza habari za Mwalimu, Munira alisema atakuja Jumamosi. Hakuuliza kitu kingine.

Hiyo Jumamosi ya kwanza walifanya kosa ambalo kila mtu angelifanya. Waliweka kamera nyuma ya ukumbi mtupu, wakaucheza mchezo wote tangu mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno kama ulivyo daftarini, wakarudi nyumbani wameridhika.

Hapa lazima mchezo wenyewe ujulikane. Kijana mvivu amemtumia salamu mama mkwe wake kwamba ni mgonjwa, hawezi kuja kumsaidia kulima. Mama mkwe anafunga safari na mizizi ya dawa kwenda kumtibu. Anamkuta hayupo kitandani, maana amesikia sauti yake na kurukia kihengeni, lile kapu kubwa la udongo na fito ambamo mtama huhifadhiwa. Mara anatokea baba mkwe, ambaye mkewe alimuaga kwamba anakwenda kusali jumuiya, na mama naye anajificha nyuma ya kihenge hicho hicho. Kuanzia hapo ni kuzunguka. Mkwe akitokea huku, mama mkwe anaingilia kule, mara tatu kihenge kinazungukwa bila wawili hao kuonana, na ukumbi mzima unapiga kelele, yuko nyuma, yuko nyuma. Ni upuuzi mtupu, na ni mtamu ajabu.

Katika kompyuta ya Munira, saa ya chakula cha mchana, kule masijala, ulikuwa mchungu. Lameck, anayeigiza mkwe, alitupa neno lake la kwanza la kuchekesha, kisha akasimama akingoja kicheko, kama alivyozoea. Kicheko hakikuja. Akabaki amesimama pale kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Halafu akapiga kelele neno la pili, maana ukumbini lazima upige kelele usikike nyuma, na kwenye kompyuta ilionekana kama anagombana na kabati. Noeli hakucheka. Munira hakucheka. Karani wa meza ya pili, ambaye hucheka hata matangazo ya vifo yakisomwa vibaya, alikula wali wake kimya.

Munira alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kwa adabu. Ukumbini, alisema, watu wanacheka kwa sababu wanajua kitu ambacho yule bwana hajui, na wanajuana wenyewe kwa wenyewe. Kamera haina jirani wa kumpiga kiwiko. Lazima ipelekwe karibu, ndani kabisa, mahali ambapo mtu anajificha na kutoka jasho. Alitaka nyumba ya kweli na kihenge cha kweli. Na humo kihengeni alitaka mkwe na mama mkwe wote wawili, nyuso mbili kwenye picha moja, pua zikikaribia kugusana.

"Hapo umefika ukutani," Noeli akamwambia.

Ukuta wenyewe ulikuwa huu. Lameck na Penina walicheza pamoja michezo ya kila aina miaka tisa bila taabu yoyote, Penina akimtukana, akimrushia mwiko, watu wakivunjika mbavu. Halafu Lameck akamwona Erica, binti wa Penina, akapeleka barua ya posa, wakafunga ndoa. Tangu siku hiyo Lameck akawa mkwe wa kweli. Kwa Wagogo wa malezi ya Penina, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali sahani moja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hukengeuka kama anayefuata mbuzi. Vijana wa mjini wamelegeza mambo hayo. Penina alilelewa na bibi yake katika kijiji cha Handali, naye hakulegeza kitu. Mchezo huu waliendelea kuuigiza kwa sababu moja tu: kwenye daftari la Mwalimu wawili hao hawaonani kamwe, hata mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Noeli alikwenda kumwomba Penina hata hivyo. Alimkuta anabangua karanga uani, na Penina hakusimamisha mikono. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba huyo kijana zamani alikuwa Lameck, na Lameck huyo yeye Penina angeweza kumzaba kibao mbele ya askofu. Sasa uso ule ni wa nyumba ya binti yake. Hawezi kuutazama ili watu wacheke.

"Na Mwalimu aliijua mila," akamaliza. "Kwa nini unafikiri alituzungusha kihenge?"

Munira alisema yuko mama mmoja mjini, mwigizaji mzuri, anaweza kuchukua nafasi ya Penina kwa wikiendi mbili. Nataka kusema kwamba Noeli alikataa papo hapo, lakini nikisema hivyo nitakuwa namtengenezea sifa. Alilifikiria siku nne nzima. Alilifikiria akigonga mihuri. Siku ya tano aliona haya, akajua kwamba Mwalimu ameomba kuwaona watu wake aliowabeba, siyo kuona mchezo uliochezwa na wageni. Ndipo Munira akapata njia ya katikati: watawapiga picha kila mtu peke yake humo kihengeni, Lameck asubuhi, Penina mchana, na baadaye kompyuta itawaunganisha. Penina aliwaza, akakubali. Alisema wakiwakutanisha ndani ya mashine, dhambi hiyo ni ya mashine.

Walikwenda Handali, kwenye tembe la marehemu bibi yake Penina, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la udongo, ambayo sasa ilikaliwa na kuku na shangazi mmoja asiyesikia vizuri. Chumba cha ndani kilikuwa na kihenge cha zamani, kirefu kupita kimo cha mtu. Walitoboa nyuma yake kitundu cha kutosha kupitisha mbuzi, hapo ndipo ikakaa kamera. Waigizaji waliingia kwa juu, kwa ngazi mbili, moja nje na moja ndani. Humo ndani mlikuwa na kuku mwekundu anaatamia mayai, na shangazi alikataa katakata kuku huyo kuondolewa. Wakamwacha.

Sasa sikilizeni jinsi heshima inavyoweza kuharibu ratiba. Lameck aliingia kihengeni asubuhi, akapigwa picha zake, kisha Munira akatoka kwenda kuchaji betri kwa jirani mwenye sola. Lameck alikuwa amefanya kazi wiki nzima kule uwanja wa ndege akipanga mawe, na humo kihengeni mlikuwa na kivuli na mabua laini ya mtama. Akajifunika gunia akalala. Lakini kabla ya kulala alikumbuka viatu vyake, vilivyobaki mlangoni mwa chumba. Mama mkwe atapita hapo mchana. Haifai mama mkwe kuruka viatu vya mkwe wake. Akashuka, akavichukua, akarudi navyo juu, akavikumbatia.

Noeli alikuja na kidaftari chake cha ratiba. Akatazama mlangoni, hakuona viatu. Mtu mwingine angepanda ngazi akachungulia. Noeli ni mtu wa masijala: faili lisipokuwa rafuni, limetoka. Akaandika, Lameck ametoka, akamwita Penina.

Penina alipanda, akashuka ndani kinyumenyume kama mtu anavyoshuka ngazi, akakaa, akautazama ukuta. Munira aliporudi na betri na kuwasha taa yake ndogo, aliona watu wawili kwenye picha. Wakati huo huo Lameck akakohoa.

Penina alikijua kikohozi hicho. Alivuta khanga akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta zaidi, mpaka paji la uso likagusa udongo. Lameck akafumbua macho, akaiona khanga, na khanga yenyewe ni ile aliyoipeleka kwa mkono wa mshenga wake siku ya mahari. Roho ilimruka. Akageukia ukuta wa pili. Ngazi ilikuwa upande wa Penina. Kutoka kwake kungemlazimu ampite mama mkwe wake begani. Kutoka kwa Penina kungemlazimu apande ngazi huku mkwe yuko chini, jambo ambalo afadhali afe. Basi wakabaki hivyo hivyo, migongo imetazamana, na katikati yao kuku.

Noeli alitaka kuingilia. Alishafungua mdomo, na ulimi wake ukamkwama kama zamani. Munira alinyoosha mkono bila kugeuka, kumwambia angoje. Kamera ilikuwa inawaka.

Kisha Penina akazungumza. Yako mambo ambayo lazima mama mkwe amwambie mkwe wake, na tangu enzi za mababu husemwa kwa kumpitia mtoto, au mbuzi, au chochote kilicho karibu chenye masikio. Alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia jukwaani.

"Wewe kuku. Muulize huyo aliyelala humo, kikohozi hicho ni cha kweli au ni kile cha kukwepa shamba."

"Kuku," Lameck akauambia ukuta, "mwambie mama ni cha kweli. Ni vumbi la uwanja wa ndege."

"Muulize, Erica hajui kuchemsha mwarobaini?"

"Mwambie anajua. Anachemsha kila siku. Ni mimi simalizi kikombe."

"Basi mwambie yeye ni mjinga."

"Mwambie nimesikia."

Kuku, ambaye hakuwa ameomba kazi hiyo, aliinuka juu ya mayai yake, akazunguka taratibu, akakaa tena akiwa amempa Lameck mgongo. Penina akasema, "Umeona." Munira alikuwa ameuma kola ya shati lake, mabega yanatikisika, lakini kamera haikutikisika hata kidogo.

Ingeishia hapo ingetosha. Lakini Penina aliendelea, na sauti ikawa ndogo zaidi.

"Kuku, mwambie jambo jingine. Mwambie tangu amchukue mwanangu, mwanangu akija kwangu anacheka. Nilimlea peke yangu, nikamwachia mtu nikiogopa. Sijapata pa kulisemea. Mwambie nashukuru."

Lameck alikuwa amekumbatia viatu vyake kama mtoto. "Kuku," akasema mwishowe, "mwambie mama na mimi nashukuru. Aliniamini." Akavuta kamasi. "Na mwarobaini nitamaliza."

Noeli, nje ya kihenge, alikuwa analia, na hakujali nani anamwona. Ilibidi waondoe kamera ili Lameck atokee kwenye kile kitundu cha mbuzi, akitanguliza miguu, akiwa amefumba macho. Alichubuka sikio. Jioni ile Penina aliulizwa kama picha hiyo itumike au ifutwe, maana haikuwa maigizo. Naye akauliza kama kuna mahali popote alipoonekana akimtazama mkwe wake. Hakuna, wakamwambia. Basi iwekeni, akasema, ila kuku naye aandikwe jina mwishoni pamoja na waigizaji.

Kuanzia hapo Munira alijua filamu yake inakwenda wapi. Waliurudia mchezo wote kwa sauti ile ndogo ya kihengeni, bila kungoja vicheko, na Munira akafunga mlango wake wiki tano akizikatakata picha. Mchezo wa saa mbili ukawa wa saa moja na dakika chache. Noeli alihesabu: theluthi ya maneno ya Mwalimu haimo. Kuzunguka kihenge mara tatu kumekuwa mara moja. Hotuba ya baba mkwe, ile ile iliyompa yeye ulimi, imebaki sentensi mbili. Na pale katikati, mahali pa moyo, kuna dakika sita za kuku ambazo Mwalimu hakuziandika.

Alikwenda Msalato mara tatu kukiri. Mara ya kwanza Mwalimu alikuwa amelala. Mara ya pili walikuwapo wageni. Mara ya tatu hapakuwa na kisingizio, na Mwalimu alimuuliza waziwazi kama hawakupunguza neno. Noeli akajibu kwamba ataona mwenyewe. Alirudi nyumbani akijidharau.

Siku ikafika, Jumapili saa tisa alasiri, katika ukumbi ule ule wa parokia. Madirisha yalizibwa kwa maturubai na mablanketi, shuka jeupe likatundikwa jukwaani. Antonia alimsukuma baba yake kuingia, na walipofika katikati ya ukumbi Mwalimu akanyoosha kidole kushoto, kwenye pazia. Ilibidi akumbushwe kwamba leo huko hakuna kitu, ni ukuta. Akakubali kuwekwa mbele, lakini daftari alikuwa nalo mapajani, na tochi ndogo. Noeli alikaa pembeni yake kama mshtakiwa.

Filamu ilianza, na midomo ya Mwalimu ikaanza nayo. Alinong'ona kila neno nusu pumzi kabla ya mwigizaji, kidole kikifuata mstari. Nyuma yake watu walikuwa wanaangua vicheko, na mara mbili alitupa jicho nyuma akiwa amekunja uso, kama mtu anayesumbuliwa kazini. Yeye hakucheka. Alipofika mahali pa kwanza palipokatwa, kidole kilisimama. Akafunua ukurasa, akafunua wa pili, akapapata, akaendelea. Noeli alisikia kila karatasi ikigeuka. Palipokatwa mara ya tatu Mwalimu alimtazama, akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye daftari. Noeli alitamani ardhi impokee.

Kisha kikaja kihenge. Penina akashuka kinyumenyume, Lameck akakohoa, khanga ikafunika kichwa. Mwalimu akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akarudi nyuma kurasa tatu. Tochi ikaranda juu chini. Midomo ilikuwa wazi, tayari kutoa neno, na neno halikuwapo.

"Wewe kuku," Penina akasema kule juu.

Mwalimu akainua macho. Taa ya kwenye shuka ilimwangaza usoni, na Noeli akaacha kutazama filamu akamtazama yeye. Midomo ilifunga. Tochi ikazima, au aliizima. Maneno yalikuwa yanatoka kwa Penina na kwenda kwa kuku na kurudi, na Mwalimu hakujua lipi linafuata, kama mtazamaji mwingine yeyote mle ukumbini. Kuku alipoinuka, akazunguka, akampa Lameck mgongo, ilisikika sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia Chamwino, nyembamba, ya kukatikakatika, kama mlango wa zamani. Mwalimu Apolinari alikuwa anacheka. Alicheka mpaka Antonia akamshika bega. Na Penina aliposema anashukuru, Mwalimu alikuwa ameweka mkono mdomoni, na machozi yalimshuka juu ya ule mkono. Tangu hapo hadi mwisho hakunong'ona tena. Daftari liliteleza likaanguka chini ya kiti, wala hakuliinamia.

Mwishoni yalipita majina, na jina la kuku likashangiliwa kuliko yote. Maturubai yakashushwa, mwanga ukaingia. Penina alikuwa upande wa kina mama na Lameck mlangoni kabisa, kila mmoja anatazama kwingine, kama inavyopasa. Noeli alishuka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya Mwalimu. Alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, yote yakamtoroka isipokuwa moja, na hilo nalo likakwama.

"Mwalimu, ile ya ku... ya ku... ya ku..."

"Kuku," Mwalimu akanong'ona, taratibu, bila haraka.

"Kuku. Haimo kwenye daftari."

"Najua haimo," Mwalimu akasema. "Ndiyo maana nimeiona."

Mwalimu alimwekea Noeli mkono kichwani, akauacha hapo. Kisha akamwomba Munira, kama haitakuwa taabu, airudie tangu mwanzo. Watu waliokwisha kusimama wakakaa. Maturubai yakapandishwa tena. Noeli aliinamia chini ya kiti akaliokota daftari, akampa, na Mwalimu akamwambia alishike yeye.

Filamu ikaanza upya. Noeli aliitazama midomo ya mzee, maneno yale yakaja kutoka kwenye shuka, ya kwanza, ya pili, ya kumi. Midomo ilikuwa imefungwa, na pembeni ilikuwa imeshaanza kucheka.